Afisa ustawi aitwe kituoni, ila siri za nyumbani zisimgeukie mtoto

Chukulia mvulana wa miaka 14 aliyekamatwa Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, na simu isiyo yake. Cheti cha kuzaliwa hana, mama yuko sokoni, na askari wa zamu anaandika miaka 18. Kwa tarakimu hizo mbili, badala ya Mahakama ya Watoto Kisutu anapelekwa mahakama ya wakubwa. Badala ya mahabusu ya watoto Upanga, anaweza kulala gereza la Segerea. Afisa ustawi wa jamii akifika jioni ileile, akampata mama na kadi ya kliniki, umri unasahihishwa mapema.

Ndiyo maana naafikiana na wanaotaka ustawi, polisi na mahakama washikane mikono. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka afisa ustawi awepo Mahakama ya Watoto inapokaa, na inakataza mtoto kufungwa jela. Lakini hadi shauri lifike mahakamani, mtoto keshapitia usiku wa kwanza kituoni, na huo ndio usiku wa hatari.

Wanaosita nao wana hoja nzito. Kazi ya ustawi inasimama pale mtoto anapokubali kusema. Akieleza kwamba baba wa kambo humpiga na ndiyo maana analala stendi, ameomba msaada. Maneno hayohayo yakimfikia mpelelezi yanasomeka vingine: hana makazi maalumu, dhamana ni ngumu. Hivyo mtoto mwenye shida zaidi nyumbani ndiye anayebanwa zaidi. Ipo pia hofu kwamba yule ambaye mjumbe wa nyumba kumi angemkanya na kumrudisha kwao, sasa atafunguliwa jalada kwa nia njema ya kumsaidia.

Kwa maoni yangu, ushirikiano uwepo, ila taarifa zigawanywe. Umri na mahali walipo ndugu, polisi waambiwe mara moja. Mambo ya ndani ya familia yabaki ustawi mpaka kosa lithibitike. Hapo ndipo yamsaidie hakimu kuamua hatua inayomfaa mtoto.

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi limezoeleka kama mahali pa mtoto aliyetendewa. Mvulana wetu wa Mbagala, kama naye hupigwa nyumbani, ametendewa na ametuhumiwa, vyote kwa pamoja, na akiingilia kaunta ya kawaida nusu ya habari yake haiulizwi kabisa.

Tatizo gumu zaidi ni watu. Afisa ustawi wa halmashauri ndiye huyohuyo anayesuluhisha wazazi wanaogombea matunzo, na wazee wanaohitaji msamaha wa matibabu wanamsubiri mlangoni. Bosi wake ni mkurugenzi wa halmashauri. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kumtaka afisa huyo pia akeshe kituoni bila posho wala usafiri ni kumwonea. Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni zianze kwa kupanga maafisa wa zamu ya usiku, wawe na nauli, na namba zao zibandikwe kaunta ya kila kituo.