Je, rangi isiyo na jina huonekana?

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumezichota kwenye vitu, kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, na zambarau kwenye tunda lenyewe. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ushahidi kwamba lugha huiwekea fikra mipaka, yaani asiye na neno hana wazo.

Hoja hiyo hunasibishwa zaidi na wanaisimu wawili Wamarekani, Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf. Whorf, ambaye riziki yake ilitoka katika kampuni ya bima ya moto, alieleza kwamba watu waliojihadhari mno karibu na mapipa yaliyojaa petroli walivuta sigara bila wasiwasi karibu na yale yaliyoitwa matupu, ilhali mvuke uliosalia ndani yake ulikuwa hatari zaidi. Kwa maoni yake, neno "tupu" liliwaponza. Mfano huu unavutia, lakini hauthibitishi mengi, kwa sababu mvuke hauonekani kwa macho, na hata mtu asiye na neno lolote la kuitaja hali ya pipa lile angeweza kuungua vilevile.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulichapishwa mwaka 2007. Kirusi hakina neno moja la bluu. Bluu iliyoiva na bluu iliyopauka ni rangi mbili zenye majina mawili. Wasemaji wake walipopimwa, walitofautisha vivuli viwili upesi zaidi pale ambapo kila kimoja kilikuwa na jina lake, na wasemaji wa Kiingereza hawakuonyesha nafuu hiyo. Hata hivyo, Warusi walipotakiwa kukariri tarakimu kimoyomoyo wakati huohuo, nafuu yao ilitoweka. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha mjadala: neno lilikuwa likisaidia kimyakimya, lakini halikuwa jicho.

Mtazame fundi cherehani anayetafuta uzi wa kitambaa cha damu ya mzee. Hutoka nacho hadi mlangoni penye mwanga, akalaza nyuzi tatu nne juu yake, kisha akachagua mmoja, ingawa zote huitwa kwa jina hilohilo (jina ambalo, tukiri, mgeni akilisikia mara ya kwanza hushtuka). Wanaopinga nguvu ya maneno wangeshangilia hapo. Lakini fundi huyo akimtuma mwanagenzi dukani kwa neno tupu, yule kijana atarudi na uzi wowote unaostahili jina hilo, kwa kuwa rangi isipokuwapo mbele ya macho, kinachobaki cha kufikiria nacho ni neno. Ndiyo maana fundi mzoefu hukata kwanza kipande cha kitambaa, akampa aende nacho.