Stesheni ya Taveta: lori limesingiziwa

Ukiuliza kwa nini stesheni ya reli ya Taveta, mji wa Kenya ulio mpakani na Tanzania, imekufa, jibu huja upesi: lami na lori. Wengine huongeza kwamba reli yenyewe ilikuwa ya vita. Waingereza walianza kuijenga kutoka Voi mwaka 1915, Wajerumani wakiwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na mwaka 1916 ikaungwa na reli ya Tanga kule Kahe, upande wa Tanzania ya leo. Reli ya haraka namna hiyo, wanasema, nani aliipigia hesabu ya biashara?

Hoja hiyo ina uzito. Lori huzifuata ndizi hadi shambani na kuzishusha soko la Kongowea, Mombasa. Treni ingetaka zipakiwe na kupakuliwa mara mbili zaidi. Na tangu 2017 kuna kikwazo kingine pale Voi: SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ina upana wa milimita 1,435, reli ya zamani ni ya mita 1. Behewa la Taveta halipandi huko.

Lakini lori lilimkuta mgonjwa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikielekea kuvunjika, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa muda huo wa karibu miaka 7 Taveta, iliyokuwa stesheni ya njiani, ikawa mwisho wa reli. Wengi huona hilo kuwa jambo la ramani tu. Stesheni ya njiani hupitiwa na mizigo ya watu wengine, ya Moshi ikishuka na ya Mombasa ikipanda, na mapato hayo ndiyo hulipia matengenezo. Stesheni ya mwisho hutegemea mji wake peke yake. Kichwa cha treni hufunguliwa, kikazungushwa hadi upande wa pili, na mabehewa hurudi Voi na chochote kilichopatikana, hata kama ni hewa. Zaidi ya kilomita 100 za reli zinadai mafundi walewale. Na lami ya Mwatate–Taveta, inayolaumiwa sana, ilikuja miongo kadhaa baadaye!

Wanaodai ifufuliwe nao hukosea wanapoishia Taveta. Watajenga mwisho wa reli uleule. Tanzania imeshaamsha upande wake: Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirudi Moshi, ikipita Kahe. Kilichobaki kuungwa ni kipande kifupi cha Kahe hadi Taveta, na Nairobi haiwezi kukiunga bila Dodoma.