Kamba ya Kiatu Iliyonila Robo ya Mita ya Mraba

Mimi ni fundi viatu, na kwa miaka yote niliyokalia kigoda changu sikuwahi kuwa na kibao; mteja alinifuata kwa mlio wa nyundo. Siku nilipoamua kwamba na mimi niweke maandishi juu ya mlango kama wenye biashara wengine, nilidhani jambo lenyewe ni mbao, rangi na misumari. Sikujua kwamba kati ya mbao na msumari amekaa afisa, na afisa ana futikamba, na nyuma ya futikamba ziko zile zinazoitwa sheria ndogo, ambazo udogo wake ni wa jina tu, kwa maana ukizibandika kurasa zake zote ukutani utapata bango kubwa kuliko yote yanayokatazwa ndani yake.

Seremala alinifanyia kazi ya kupendeza. Badala ya ubao mzima alikata herufi moja moja, FUNDI VIATU, nene na za bluu, na pembeni akachonga buti lililolegea kidogo, kamba yake ikining'inia chini ya mstari wa maandishi kama mkia wa mjusi. Kamba hiyo ndiyo iliyolipa buti uhai; ukiitazama unajua kwamba kiatu hiki kimetembea na kinahitaji mtu wa kukihurumia. Bila kamba, kazi nzima ilichukua sentimita 120 kwa 40, yaani sentimita za mraba 4,800, na kwa mlango mwembamba kama wangu kiwango kilichoruhusiwa ni nusu mita ya mraba, yaani 5,000. Nilikuwa na akiba ya 200. Usiku ule nililala kama mtu aliyemaliza kulipa madeni.

Asubuhi afisa akaja, kijana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo kabla hata hajafungua jalada. Alinieleza kwamba maandishi yasiyo na fremu hayapimwi kwa mbao iliyotumika, bali huzungushiwa mstatili mmoja unaokumba kila kitu, kuanzia kilicho juu kabisa hadi kilicho chini kabisa. Na kilichokuwa chini kabisa ni ncha ya kamba, iliyoshuka sentimita 20. Akachora mstatili wake kwa penseli, 120 kwa 60, akapata 7,200, na pale pale nikawa mkosaji kwa sentimita za mraba 2,200, kwa sababu ya kijiti ambacho upana wake haufiki kidole changu cha mwisho.

"Lakini mwanangu," nilimwambia, "kulia na kushoto kwa hii kamba hamna kitu. Huo ni ukuta."

"Ni kweli, mzee, ni ukuta," akanijibu kwa upole, "ila kwenye hesabu, ukuta huo sasa ni tangazo."

Nimeishi muda mrefu bila kumiliki hata kiwanja, na siku ile nikaambiwa ninamiliki karibu robo ya mita ya mraba ya utupu, na utupu wenyewe umezidi kipimo. Ikabidi nirudi kwa seremala kumwomba afunge kamba ya kiatu. Alinitazama kwa muda, akauliza kama nina homa.

Nisieleweke vibaya, kwa maana mimi si mtu wa kusema kila kanuni ni uonevu. Mwaka 1718 huko London, katika kichochoro cha Bride Lane kinachopakana na Fleet Street, kibao kizito cha duka kiling'oka kikaja na ukuta wa mbele wa jengo, kikaua watu wanne. Mmoja wao alikuwa sonara wa mfalme, na mwingine alikuwa fundi viatu. Ilipofika 1762 sheria ikaanza kuwaagiza wenye maduka kule wabandike vibao vyao bapa ukutani badala ya kuvining'iniza juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba bango langu lisichomoze juu ya njia ya waenda kwa miguu, sikubisha hata kidogo. Nilimkumbuka mwenzangu wa kazi nikatulia. Nakubali pia kwamba bango lisimzibe dereva anayeingia njia panda, na kwamba taa za kuwakawaka zisichanganywe na taa za barabarani. Hayo yana akili. Ninachouliza ni kwamba kamba yangu ingemwangukia nani.

Watu hunitajia São Paulo ili kunitisha. Kule Brazili, chini ya meya Gilberto Kassab, sheria ya jiji safi ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2007, na mabango makubwa yakang'olewa jiji zima hadi zikabaki fremu tupu zikitazama barabara. Mimi nilitishika vizuri tu mpaka nilipofika kwenye vipimo vya maduka, nikakuta kwamba duka ambalo upande wake wa mbele haufiki mita 10 liliachiwa mita ya mraba moja na nusu. Jiji linalowanyima usingizi wenye mabango duniani lingenipa mara tatu ya nilichopewa mimi, na kamba yangu ingening'inia humo kwa raha zake, na nafasi ya kiatu cha pili ingebaki.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba maafisa hawa hupima tu, hawasomi. Nilipolalamika nikaambiwa kuwa hilo ni jambo la busara, na kwamba hata Uingereza kanuni za mabango za 2007 zinamtaka mwenye kutoa kibali aangalie mandhari na usalama wa umma, si kupenda au kutopenda kilichoandikwa. Kinyume chake nikapewa mfano wa mji wa Gilbert, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambao uliamua kusoma kabla ya kupima. Huko bango la mgombea wa siasa liliweza kufika futi za mraba 32, bango la kutoa msimamo futi 20, na bango la kuelekeza watu mahali ibada inapofanyika futi 6 tu, tena lisisimamishwe mapema zaidi ya muda wa saa 12 kabla ya ibada, na liondolewe kabla haijapita saa moja baada yake. Kanisa dogo lisilokuwa na jengo lake, likiongozwa na Mchungaji Clyde Reed, lilienda mahakamani, na mwaka 2015 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakasema kanuni hizo haziwezi kusimama. Nimeelewa. Hata hivyo, kijana aliyepima maandishi yangu mara tatu, herufi kwa herufi, angeweza kuyasoma walau mara moja, kwa faida yake mwenyewe.

Sasa njoo kwenye tangazo la maombi. Kabla ya kibali kutoka, majirani sharti wajulishwe, na wanajulishwa kwa karatasi ngumu inayobandikwa mlangoni kwangu kwa siku 21, ikieleza kwamba mwombaji anakusudia kuweka maandishi yenye ukubwa kadhaa, na mwenye pingamizi ajitokeze. Karatasi hiyo ina sentimita 90 kwa 60. Nilichukua futikamba yangu ya kupimia nyayo nikapiga hesabu: 5,400. Tangazo la kuuliza kama maandishi yangu si makubwa mno ni kubwa kuliko maandishi yangu, na lenyewe halihitaji kibali.

Basi watu wakaanza kusimama. Mama mmoja ambaye hupita hapa kila siku alisoma karatasi yote hadi mwisho, akanigeukia: "Kumbe baba ni fundi viatu?" Kesho yake akaleta jozi mbili. Kufikia siku ya ishirini na moja nilikuwa na viatu hadi chini ya kigoda, na pingamizi halikuja hata moja, isipokuwa la mke wangu kuhusu harufu ya gundi.

Jana afisa amekuja na kibali chenye muhuri. Nikamsihi aiache ile karatasi. Akasema muda wake umekwisha, na nikitaka ibaki nijaze fomu. Akaibandua taratibu, akaikunja, akainua macho, akapima kwa mara ya mwisho herufi zangu za bluu na buti langu lililofungwa kamba kama la mwanafunzi siku ya kwanza ya shule. Akaridhika. Alipogeuka kuondoka nikasikia pa, pa, pa. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachia mbele, kiatu kinacheka. Naye alisikia. Akasimama pale pale chini ya maandishi, mguu mmoja juu, akanitazama kwa aibu kidogo.

"Samahani, mzee," akasema. "Wewe ni mwenyeji hapa. Fundi viatu wa karibu nitampata wapi?"