Video Iliyoleta Turubai Mtaani

Chaneli yetu ya ufundi wa baiskeli ilikuwa inatazamwa na ukoo peke yake, na ukoo wenyewe kwa kulazimishwa. YouTube haikugawii fedha za matangazo ya kwenye video mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi za Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Na wale wa njia ya mkato wasikudanganye: hizo Shorts zinazopita zenyewe kwenye simu za watu haziingii katika hesabu ya saa hizo. Sisi wafuasi wetu wote wangeenea kwenye Hiace moja, na kondakta bado angeita abiria.

Nyota wa chaneli ni Baba Mdogo, fundi wa baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, mji ambao mtu akifika kazini kwa gari unamuuliza baiskeli yake imeharibika nini. Anayo Phoenix aliyorithi kwa babu, iliyonunuliwa mwaka 1974. Jumapili moja vijana wenye baiskeli za gia walimcheka, naye akawaalika mbio mpaka Raskazone. Kijana wa kwanza kumfuatia alimkuta ameshanunua dafu, ameshalinywa, anakomba urambirambi. Nilirekodi kila kitu kwa simu yake, maana yangu ina ufa kwenye kamera.

Sasa nikakaa na elimu yangu. Wajuzi wa kutafutwa mtandaoni wanasema zile tegi, yaani maneno ya utafutaji unayojaza chini, hazisaidii kitu kikubwa, na YouTube wenyewe wameshalisema hilo. Kazi inafanywa na kichwa cha habari na kava, ile picha ya mbele ya video. Kichwa kisizidi herufi 100, neno zito likae mbele, na msomaji aguswe moyo. Nikaandika hivi:

MAJONZI BARABARA YA 13: BABA MDOGO AMETUACHA mbali vijana wote kwa Phoenix yake ya 1974

Majonzi ni ya wale vijana. Umepigwa mbio na mzee wa miaka 63, utacheka?

Kava nikampelekea kijana wa steshenari. Shati la Baba Mdogo lilikuwa la kijani na ukuta nyuma yake wa kijani, kwa hiyo kijana akashauri picha iwe nyeusi na nyeupe ili uso utokeze. Nikakubali. Nikamwambia aweke na miaka ya baiskeli, 1974 – 2024, watu waone imetimiza nusu karne. Akaweka, kwa maandishi mazuri ya kulala. Kazi kubwa ya yule kijana mwaka mzima ni vipeperushi vya arobaini na hitima, na sampuli zake zote kwenye kompyuta zina fremu nyeusi. Chini kulia kulibaki ua dogo jeupe. Akaniuliza kama alifute. Nikaona linapendeza.

Jumatatu alfajiri Baba Mdogo aliniachia simu yake ili nipandishe video, akapanda Phoenix kwenda Muheza kufuata spea. Mama alimwona akiingia barabara kuu, ile ya malori. Nikapandisha video, nikaitupia linki kwenye grupu la ukoo, maana niliamini video ikisukumwa mapema ndiyo watu wa nje nao huiona. Nikaziweka simu zote mbili kimya na kwenda zangu Raskazone kuchukua picha za nyongeza.

Kwenye kioo kidogo, kichwa kilionekana hivi: MAJONZI BARABARA YA 13: BABA MDOGO AMETUACHA… Nukta tatu. Juu yake uso wa Baba Mdogo, mweusi na mweupe, miaka miwili na ua. Pale grupuni hakuna aliyefungua. Nani ana bando la kuhakikishia msiba? Msiba haubofywi, msiba unafowadiwa.

Baadaye nikachungulia komenti. Ya kwanza: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Nikajua huyo ni mmoja wa walioshindwa. Ya pili: "Mungu amlaze pema, alinizibia pancha bure." Hiyo ikanitia wasiwasi kidogo, kwa sababu Baba Mdogo hajawahi kuziba pancha bure. Ya tatu: "Anaswaliwa Adhuhuri au Alasiri?" Nikaitazama simu yake. Simu zilizokosa kupokelewa zilitoka Dar, Mombasa, mpaka kwa binamu yetu wa Muscat, aliyekuwa ameshatuma na pesa. Mama Mdogo, aliyekwenda Dar kumtazama binti yake, aliandika ujumbe mmoja tu: yuko kwenye basi.

Nilifika nyumbani nikihema. Turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimepangwa, wazee wana kanzu, na ndani wanawake wanalia kwa zamu. Jeneza la msikiti limeegemezwa ukutani karibu na karakana, kati ya matairi. Tatizo lililokuwa likijadiliwa ni moja: maiti iko wapi? Wa mbele waliamini wa nyuma wanajua, wa nyuma wakaamini iko hospitali.

"Yuko hai!" nikapiga kelele. "Kaenda Muheza!"

Mzee mmoja akanishika bega, akawageukia wenzake. "Mwacheni. Alikuwa anampenda sana baba yake mdogo."

Nikatoa simu nikabadilisha kichwa cha video papo hapo: BABA MDOGO YUKO HAI. Kumbe linki ikishatumwa WhatsApp, picha na kichwa vinabaki kama vilivyokuwa saa ya kutuma, hata ubadilishe huko YouTube mara mia. Ukoo mzima ulikuwa umeshika kava ya zamani. Shangazi ndiye pekee aliyekuwa na malalamiko ya kitaalamu.

"Mwaka umekosewa," alisema, miwani puani. "Sabini na nne ndugu yangu alikuwa darasa la saba. We mtoto, hata kaburini mnampunguzia umri?"

Ilipokaribia Alasiri, Baba Mdogo akatokea kona ya barabara, cheni mpya shingoni na kikapu cha machungwa nyuma. Kuona turubai, akashuka mbali, kama ustaarabu unavyotaka, akaikokota Phoenix polepole. Hakuna aliyemtazama, kila mtu ana kichwa chini kwenye simu anapokea salamu za pole. Akatoa salamu, akasema poleni, akaitikiwa. Akaenda moja kwa moja kwa kijana wa daftari la rambirambi, akatoa shilingi elfu mbili.

"Jina?" kijana akauliza bila kuinua uso.

Baba Mdogo akataja jina lake kamili. Kijana akaandika jina la kwanza, akaandika la baba, na alipofika la babu kalamu ikasimama.

Viti vilivyoanguka pale vililipiwa baadaye. Mzee wa bega alijikuta ndani kwa wanawake. Baba Mdogo hakutikisika.

"Kafa nani?"

"Wewe," imamu akajibu, akimtazama miguu.

"Lini?"

"Asubuhi."

Akafikiri. "Asubuhi nilikuwa napatana bei ya cheni."

Usiku nilifungua takwimu. YouTube wanasema nusu ya chaneli na video hubofywa kati ya asilimia 2 na 10 ya mara kava zake zinapoonekana, na sisi tulikuwa wapangaji wa zamani wa hiyo 2. Safari hii tuliipita 10 bila kupunguza mwendo. Lakini wastani wa kutazama ulikuwa sekunde 20: mtu anaingia analia, anamwona marehemu anakomba dafu, anatoka. Kwa sekunde 20 kila mtu, saa 4,000 zinahitaji waombolezaji 720,000. Tanga jiji zima hatufiki, tukihesabu na wachanga. Na tangu kichwa kisome BABA MDOGO YUKO HAI, hakubofya mtu. Habari hiyo haina soko.

Wali na mbaazi vililiwa, maana vilishaiva. Ugomvi ukabaki kwenye fedha za daftari. Wazee walitaka kila mtu arudishiwe chake. Baba Mdogo akasema zimechangwa kwa jina lake, hivyo ni mapato halali ya chaneli, tena ya kwanza tangu ianzishwe, na kama kuna atakayerudishiwa basi aanze yeye na elfu mbili yake. Kikao kiliahirishwa saa sita usiku.

Asubuhi tuko barazani tunakunywa chai, mama akaja mbio. Shangazi wa Lushoto, ambaye simu yake haina bando wala hajasikia lolote tangu picha ya kwanza, ameshuka stendi na kuku wawili na yuko njiani anakuja, analia mtaa mzima.

"Baba Mdogo, ingia ndani tumwandae kwanza," nikasema.

Akaweka kikombe chini, akavaa kofia vizuri, akajisogeza pale mwanga ulipokuwa mzuri.

"Washa kamera, mwanangu," akasema. "Na kichwa cha hii nakiandika mwenyewe."