Tarumbeta Bado Lipo

Simu imelia tena sasa hivi. "Bado ipo?" Nikajibu ipo. Kimya. Huyu ni wa kumi na moja, na sijui watu hawa wakishaambiwa ipo huwa wanakwenda wapi.

Nauza tarumbeta kuukuu la shaba. Mmoja aliuliza kama ni dhahabu. Mwingine anataka tubadilishane na baiskeli isiyo na mnyororo. Yupo na anayetaka kulitundika ukutani, eti nimpunguzie bei kwa sababu hatalipuliza.

Lakini jana alikuja mtaalamu. Alijitambulisha hivyo, jina likafuata baadaye. Akaligeuza, akalinusa (naam, alilinusa), akaona doa jekundu kwenye bomba, akaguna kama daktari mwenye majibu mabaya. "Zinki imeanza kutoka. Linaoza kwa ndani." Nikanywea, maana hapo alisema kweli: zinki ni madini yaliyochanganywa kwenye shaba hiyo. Kisha mheshimiwa, bila hata kuomba ruhusa, akachomoa pistoni zote tatu, vile vibonyezo vya kubadilishia sauti, akazipanga mezani kama vijiko, akazifuta kwa shati lake, akazirudisha. Akajaza mashavu. Akapuliza.

Hola. Akapuliza tena mpaka macho yakataka kutoka, hewa haipiti hata ya kuzimia kibiriti. "Limekufa hili," akasema. "Nitakupa bei ya chuma chakavu."

Jamani, pistoni zimechongwa namba: 1, 2, 3. Matundu yake hayafanani, kila moja ina nyumba yake. Ukizichanganya hewa inagonga ukuta. Nikamwambia kwa upole wa kibalozi, "Mtaalamu, hebu tutazame namba." Akanijibu hizo ni za kiwandani tu. Za kiwandani! Ya kiwandani ni ile ndefu iliyochongwa kwa nje, ndiyo ya kujulia umri wake! Umetoka kwenu kuja kuniulia tarumbeta mezani kwangu mwenyewe?

Nikazipanga upya, mikono ikitetemeka. Nikapuliza noti moja, mtoto wa jirani akaangua kilio. Mtaalamu akanitazama: "Sasa kama ni zima, unaliuzia nini?"

Nikakosa jibu. Amekwenda zake, na kumbe alikigongomea kile kipande cha kupulizia, kimenasa. Koleo siligusi, litapinda bomba. Shemeji naye kanishauri nilisugue ling'ae. Thubutu! Wanaojua vya kale wanataka rangi yake ya zamani, wakiona limesuguliwa wanashusha bei.

Ile baiskeli, lakini... Mnyororo si kitu cha kushinda mtu.