Rangi ya mbwa na karatasi zake: nani asadikiwe?

Mkaazi mmoja wa Fumba alinunua mtoto wa mbwa wa aina ya Jemani Shepadi kutoka Dar es Salaam. Mbwa alishushwa bandari ya Malindi, mjini Unguja, pamoja na karatasi zake za nasaba: jina la baba, jina la mama, mababu wa vizazi vitatu, na muhuri. Kwa mujibu wa karatasi, baba na mama wote wana rangi moja, mgongo mweusi na miguu ya kahawia. Mtoto alipokua, manyoya yake yakatoka rangi ya mbwa mwitu: unywele mmoja mmoja una rangi ya mchanga chini, na ncha nyeusi. Mnunuzi anasema ameuziwa karatasi za mbwa mwengine. Muuzaji anasema rangi imeruka kutoka kwa babu. Wafugaji wanaojuana hapa Unguja wamegawika, na mimi naona kila upande umeshika kipande cha haki na kuacha kipande.

Nianze na hoja ya muuzaji, kwa sababu ndiyo inayosemwa sana. Kila mbwa hupokea nakala mbili za jeni ya rangi, yaani kipande cha urithi kinachoamua rangi, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika Jemani Shepadi kuna ngazi: nakala ya rangi ya mbwa mwitu huitawala ile ya mgongo mweusi, na ya mgongo mweusi huutawala weusi mtupu. Mbwa mwenye nakala moja tu ya rangi inayotawala huionyesha mwilini. Haiwezi kukaa ndani ya wazazi wawili wenye mgongo mweusi, ikanyamaza, kisha ikajitokeza kwa mjukuu. Kwa hiyo hapa neno la "kuruka kutoka kwa babu" halisimami.

Lakini rangi iliyotawaliwa huruka kweli, na hapa ndipo wauzaji waaminifu wanapotukanwa bure. Labrado (aina nyengine ya mbwa) wawili weusi, kila mmoja akiwa na nakala moja iliyojificha ya rangi ya manjano, wanaweza kuzaa mtoto wa manjano. Kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Kinyume chake hakiwezekani: Labrado wawili wa manjano hawazai mweusi. Jemani Shepadi mweupe naye huzaliwa na wazazi wenye rangi, na hilo si dalili ya mbwa koko kuingia. Max von Stephanitz alipoanzisha daftari la nasaba la mbwa hawa Ujerumani mwaka 1899, mbwa wa kwanza kuandikwa alikuwa Horand, na babu yake mzaa mama alikuwa mweupe. Weupe ulikuwamo tangu siku ya kwanza. Anayemrudisha mtoto mweupe akidai ameibiwa, anamdhulumu muuzaji.

Basi tuseme mnunuzi wa Fumba ameshinda? Bado. Rangi imetuambia kwamba karatasi ina kosa, haijatuambia kosa ni la nani. Watoto wa Jemani Shepadi wenye mgongo mweusi huzaliwa karibu weusi mwili mzima, na kahawia hutanda taratibu kadiri wanavyokua. Wale wa rangi ya mbwa mwitu hubadilika zaidi ya mara moja kabla hawajatulia. Sasa fikiria mtu anayejaza fomu mbele ya kapu la watoto wenye wiki chache tu. Mama wa huyu mbwa huenda naye aliandikwa hivyohivyo utotoni, akaitwa mwenye mgongo mweusi ilhali ni wa rangi ya mbwa mwitu iliyokoza. Hapo kosa ni la kalamu. Na lipo jambo jengine: jike anapokuwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume wawili, na uzao mmoja ukawa na baba wawili. Muuzaji akaandika dume aliyemlipia, kumbe kuna mwengine aliyeruka ukuta usiku.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mbwa ambao rangi zao zinalingana na karatasi. Hao hakuna anayewauliza. Rangi inaweza kuikanusha karatasi, lakini haiwezi kuithibitisha, kwa kuwa mbwa wengi wasio na udugu wowote wana mgongo mweusi. Mghushi mwenye akili atachagua karatasi inayofanana na mbwa alionao, na hakuna jicho litakalomgundua.

Upande mwengine ni wa wale wanaosema karatasi zitupwe zote. Mbwa ni wa ulinzi, wanasema. Akibweka usiku na mwizi akakimbia, nasaba ya nini? Wanawatolea mfano mbwa wa wasasi wa kusini Unguja, wanaofukuza nguruwe mwitu wanaoharibu muhogo, na hakuna hata mmoja wao mwenye cheti. Hoja hii ina uzito kuliko wenye mbwa wa kizungu wanavyotaka kukubali. Aina ya mbwa iitwayo Basenji, iliyotoka Kongo, ilijengwa Ulaya na Marekani kwa mbwa wachache mno, na maradhi ya figo yakaenea ndani yake. Wafugaji wa Marekani wakarudi Kongo mwishoni mwa miaka ya 1980 kuchukua mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili nasaba za mbwa Marekani, ikafungua daftari ili waingizwe. Pamoja nao ikaingia rangi ya michirizi kama ya chui milia. Mbwa wa Kiafrika wasio na karatasi ndio walioongezea damu mpya aina yenye karatasi. Baada ya hapo, kumwita mbwa wa shamba kuwa ni taka ni ujinga mtupu.

Hata hivyo siwafuati hadi mwisho, na sababu yangu ni kisiwa chenyewe. Jemani Shepadi waliopo Unguja ni wachache. Dume mmoja mwenye umbo zuri huitwa kupandisha Mbweni, kisha Mazizini, kisha Bububu, na watoto wake huuzwa kwa watu wasiojuana. Baada ya miaka michache wawili kati yao wanakutanishwa, na wenye mbwa hawajui kwamba ni ndugu wa baba mmoja. Maradhi ya uti wa mgongo yanayoilemaza miguu ya nyuma ya mbwa hawa uzeeni hufuata kanuni ileile ya rangi nyeupe: hatari iko kwa aliyepata nakala mbovu kutoka kila upande, na kuzalisha ndugu kwa ndugu ndiyo njia fupi ya kuzikutanisha. Karatasi ya kweli ingewazuia. Ya uongo inawapa ruhusa.

Na wengi wetu hapa ni Shafii, madhehebu yasiyosahihisha uuzaji wa mbwa hata pale kumfuga kwa ulinzi au usasi kunaporuhusiwa. Sidai hukumu hiyo ibadilishwe. Ila matokeo yake biashara hufanyika kimyakimya, kwa simu, bila shahidi, na mwenye kudhulumiwa huona haya kulalamika.

Tamaa ya rangi adimu ndiyo inayozidisha uongo. Labrado wa kijivu wanabishaniwa Marekani hadi leo: wengine wanasema ni jeni ya kufifisha rangi iliyojificha tangu zamani, wengine wanasema ni damu ya Weimaraner, mbwa wa kijivu wa Kijerumani, iliyochanganywa. Jeni hiyo imo katika aina nyingi za mbwa, kwa hiyo kuipima peke yake hakumalizi ubishi. Mabaka ya marumaru ni hatari zaidi. Ukipandisha wazazi wawili wenye mabaka hayo, watoto wanaopata nakala mbili wanaweza kuzaliwa viziwi au vipofu. Anayelipa zaidi kwa sababu ya rangi anamlipa mtu aendelee kufanya hivyo.

Kwa mzozo wa Fumba, kwanza daktari wa mifugo asome chipu iliyo chini ya ngozi ya mbwa na kulinganisha tarakimu zake 15 na zilizoandikwa kwenye karatasi. Kisha mate ya mtoto, mama na baba yapelekwe maabara ya vinasaba, na aliyeshindwa ndiye alipe. Muuzaji akikataa mama asichukuliwe mate, arudishe fedha. Vinasaba vikimkubali mama na kumkataa baba, karatasi irudi kwenye klabu iliyoitoa isahihishwe, na mbwa huyu asipandishwe mpaka ijulikane ni nani aliyeruka ukuta ule.