Ndege ya Milimita 37 Haihitaji Ribiti

Chukua ndege ya mfano ya kipimo cha 1/300, yaani ndogo mara 300 kuliko ndege halisi, ishike sentimita 30 kutoka machoni. Zidisha 30 hizo kwa 300, utapata mita 90. Yaani unaiona kama vile umesimama mita 90 kutoka kwenye ndege yenyewe. Hesabu hii fupi ilibadilisha namna ninavyopaka rangi, na ndiyo inayonifanya nipingane na wapenzi wengi wa kazi hii wanaoamini kwamba ustadi ni kuonyesha kila kitu.

Kwa umbali huo utaona nini kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya mwaka 1940? Umbo la bawa, lile la duaradufu. Mabaka ya kahawia na kijani mgongoni, alama za mviringo, mmeto wa kioo cha rubani jua linapokipiga. Ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia mabati, huzioni. Maungio ya mabati unayahisi tu. Ndege hiyo ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Kwa 1/300 zinabaki milimita 37. Ukipitisha kalamu nyeusi kwenye maungio, hata mstari wa milimita 0.2, umechora ufa wa sentimita 6. Hakuna rubani angekubali kuipanda.

Mimi nilichora nyufa hizo kwa miaka, tena kwa bidii. Siku moja binti yangu akainua mojawapo akauliza, “Baba, mbona hii imepasuka?” Nikaitazama upya, nikaona alichokiona. Niliiondoa rangi yote nikaanza tena. Sasa ninatia kivuli mahali ambapo ndege halisi ina nafasi kweli, kama pale usukani wa mkia unapokutana na mkia, na kivuli chenyewe ni rangi ileile iliyokolezwa kidogo.

Rangi nayo ina mambo yake. Ile iliyo sahihi kabisa kwenye ndege halisi huonekana nzito mno kwenye kitu cha ukubwa wa kidole, kwa sababu tumezoea kuona ndege kupitia hewa nyingi, na hewa hupausha. Kwa hiyo ninaipunguza makali. Kijani ninakitia kijivu chepesi. Kahawia ninaitia rangi ya maziwa, maana nyeupe tupu huifanya iwe kama chaki. Ninakomea pale kahawia na kijani zinapotofautiana kwa kutupia jicho mara moja. Mwishoni vanishi isiyong'aa, isipokuwa kwenye kioo.

Hicho kioo ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye vipimo hivi huwa kimemwagwa pamoja na bodi, hakipitishi mwanga, na wengi hukipaka buluu ya anga. Nadhani wanakosea. Kioo cha mbali huwa cheusi chenye mng'ao. Paka buluu inayokaribia weusi, weka doa dogo la nuru juu, kisha matone ya vanishi inayong'aa. Ghafla kuna mtu ndani.

Na pangaboi? Kwa ndege iliyo hewani, mapanga yake ninayakata. Hakuna anayeona mapanga yakizunguka kwa kasi ile.

Maandalizi hayana siri kubwa: osha kwa sabuni, piga tupa, tumia msasa wa maji ili usivute vumbi la rezini, ile plastiki iliyomwagwa kuunda ndege, halafu andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini. Ila kila tabaka liwe jembamba, kwani unene wa milimita 0.1 ni sentimita 3 za rangi kwenye ndege halisi. Na usikimbilie brashi ya nywele tatu. Rangi hukaukia nchani kabla haijafika. Brashi namba 1 yenye ncha kali hubeba rangi ya kutosha na hufika palepale.

Mezani sasa nina B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, ya 1/600, milimita 53 kutoka ncha hadi ncha. Hapa nimesimama mita 180. Bunduki zake zote sikuziweka, na sijutii. Kinachonikosesha usingizi ni kioo cha puani: doa moja la nuru, au mawili.